“Wawili hawafi hivi”: daktari amesema, na mdogo wangu yuko rumande

Assalamu alaikum, ndugu mshauri.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ninakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, tuliyezaliwa tumbo moja, ambaye kwa wiki ya tatu sasa yuko rumande akituhumiwa kumuua mwanawe mchanga. Polisi wametuambia kuwa jalada linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mtoto alikuwa na miezi miwili na siku chache. Usiku ule mama yake alimnyonyesha kitandani yapata saa nane, akapitiwa na usingizi, na adhana ya alfajiri ilipomwamsha akamkuta ameshapoa. Alitoka uani peku, amemkumbatia, akasema maneno ambayo leo yanasomwa kwetu kama hukumu: “Nimemuua mwanangu.” Waliyasikia mama mkwe wake, wifi yake, na jirani aliyekuwa akichota maji. Baada ya hapo hakusema tena wala hakulia. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi, mtoto mapajani, mpaka shemeji alipokuja kumpokea.

Lau angekuwa huyu ndiye wa kwanza kufariki, naamini angezikwa kwa dua kama wanavyozikwa wengine. Lakini miaka mitatu nyuma alifiwa na mtoto mwingine wa miezi minne, naye usingizini, na wakati ule hakuna aliyeuliza kitu. Safari hii wifi yake alikwenda kwa sheha, sheha akawaita polisi, na maiti ikapelekwa spitali, ikalazwa chali juu ya meza mpaka karibu na adhuhuri daktari alipopata nafasi. Alimtazama kwa nje tu, hakumpasua. Alikuta mabaka ya buluu iliyokoza mgongoni na juu ya makalio, na puani povu lenye wekundu. Akaandika kuwa mtoto amekufa kwa kukosa hewa na kuwa ana alama za kuumizwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nilipomsikia akimwambia askari, “Mmoja ni bahati mbaya. Wawili katika nyumba moja hawafi hivi.” Askari aliyaandika.

Tulimzika alasiri ileile. Wanawake wawili waliomuosha nao wameandikishwa maelezo juu ya mabaka yale. Mitaani yanasemwa mengi: wako wanaosema ni shetani la kizazi, na wako wanaosema mama asiyelia ana lake moyoni. Bibi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akimkanda na kumuogesha mtoto siku zote arubaini, hataki hata kukaa barazani kwa maneno hayo; yeye alikuwa na utani na kitukuu chake, akimwambia amezaliwa amekalia wino. Mke wangu ana picha zake kwenye simu, na usiku huzitazama akalia.

Sasa mzee mmoja wa upande wa shemeji, na ninamjua kuwa ana nia njema, ametushauri mdogo wangu akubali kwamba alimlalia kwa uzembe, ili kesi isiwe ya mauaji ya kukusudia, afungwe muda mfupi, arudi kwa mwanawe mkubwa wa miaka sita ambaye kwa sasa ninaishi naye mimi. Mama yetu anaona ni ushauri mzuri. Mimi sijui. Daktari ni msomi, na mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tano. Nikizipiga hesabu zake naona kama anasema kweli, kwa kuwa kitu adimu kikizidishwa kwa kitu adimu huzidi kuwa adimu. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kuna usiku ninalala nikimtetea mdogo wangu, na kuna usiku ninaamka nikiwa simwamini.

Je, tumshauri akubali? Na mtu kama mimi anampinga vipi daktari bila ya kukosa adabu?

Mjomba wa marehemu, Kaskazini Pemba

JIBU

Wa alaikumu salaam warahmatullah, mwalimu. Mungu amjaalie mtoto awe shufaa kwa wazazi wake, na amtie mama yake nguvu huko aliko.

Nianze na lililo la haraka, kwa sababu barua imechukua siku kunifikia na huenda mzee wenu ameshakwenda Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, kuzungumza naye. Mdogo wako asikubali chochote, si kusudi, si uzembe, si kulalia, mpaka awe amekaa na wakili, wawili peke yao. Kukiri mbele ya Mahkama si mwanzo wa mapatano kama tunavyosuluhisha mambo yetu barazani. Kukiri ndiko kutiwa hatiani kwenyewe: shahidi haitwi tena, daktari hapewi maswali ya dodoso, ripoti yake haifunguliwi na mtu, na baadaye ni vigumu mno kulirudisha nyuma neno lililotamkwa kwa hiari. Na kuna jambo la kweli zaidi ya sheria. Mdogo wako hajui kama alimlalia mtoto. Alikuwa amelala. Hakuna mtu anayeweza kuwa shahidi wa usingizi wake mwenyewe, na kumtaka akiri ni kumtaka aape juu ya jambo asilolijua.

Ushauri kama wa mzee wenu umeshawahi kufuatwa, na tunajua ulikoishia. Katika jimbo la Ontario, Kanada, kulikuwa na daktari wa kuchunguza maiti za watoto aitwaye Charles Smith, ambaye kwa miaka mingi neno lake mahakamani halikuwa na mpinzani. Mwaka 1992 baba mmoja kijana, Dinesh Kumar, alifiwa na mwanawe wa wiki tano, na Smith akasema mtoto ametikiswa. Kumar aliogopa kutiwa hatiani kwa mauaji, akakubali kosa dogo la uzembe uliosababisha kifo, akapewa siku 90 za kifungo. Kwa hesabu ya mzee wenu hiyo ingekuwa biashara nzuri. Ila ilimchukua mpaka mwaka 2011 kwa Mahakama ya Rufaa ya Ontario kumfutia hatia hiyo, na miaka yote hiyo kati alikuwa, kwa karatasi za serikali, baba aliyesababisha kifo cha mwanawe. Wachunguzi waliopitia kazi za Smith walikuta kasoro katika kesi 20 kati ya 45, na tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2008 ilieleza kuwa hakuwa amesomea uchunguzi wa maiti kwa ajili ya kesi za jinai. Alikuwa daktari kweli, lakini fani aliyoitolea ushahidi haikuwa yake.

Sasa hesabu, maana umesema unafundisha hesabu na hapo ndipo ulipokamatwa.

Maneno “wawili hawafi hivi” hayakuanzia kwenu. Mwaka 1999 huko Uingereza, wakili mmoja mwanamke, Sally Clark, alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili, Christopher wa wiki 11 na Harry wa wiki 8, ambao walikufa kwa nyakati mbalimbali. Profesa Roy Meadow, bingwa wa maradhi ya watoto mwenye heshima kubwa nchini mwake, aliliambia jopo la raia walioamua kesi kwamba kwa familia ya aina ile, isiyovuta sigara na yenye kipato, uwezekano wa mtoto mmoja kufa ghafla usingizini ni 1 kwa 8,543. Basi wawili ni namba hiyo mara yenyewe, yaani 1 kwa takriban milioni 73. Jaribu kukaa kwenye kiti cha wale raia. Ukishaisikia milioni 73, una haja gani tena ya kusikiliza utetezi?

Kuzidisha kwa namna hiyo, mwalimu, ni kwa mambo mawili yasiyojuana. Ukirusha sarafu leo na nyengine kesho, ya kesho haina habari na ya leo. Lakini ngalawa mbili zikitoka bandari moja, siku moja, upepo wa kusi ukiwa umechafuka, na moja ikazama, utasema kuzama kwa ya pili ni muujiza? Bahari ni ileile, upepo ni uleule, na huenda hata fundi aliyeziunda ni mmoja. Watoto wawili wa mama mmoja na baba mmoja wamegawana damu, wamegawana chumba, wamegawana kitanda na hewa. Kama kuna maradhi yaliyojificha katika kizazi, au jambo katika nyumba, lililomchukua wa kwanza linajua njia ya kwa wa pili. Kifo cha kwanza hakipunguzi uwezekano wa cha pili, pengine kinauongeza.

Kosa lingine limejificha zaidi, na nakuomba uliandike ubaoni mwako mwenyewe. Hata kama vifo viwili vya ghafla katika nyumba moja ni jambo adimu, mama kuwaua watoto wake wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine, nalo ni jambo adimu. Watoto wameshakufa, adimu mojawapo imeshatokea. Kinachotakiwa ni kulinganisha adimu na adimu. Anayekutajia udogo wa uwezekano mmoja akaufumbia macho wa pili amekupa nusu ya hesabu. Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu ya Uingereza ilijitokeza hadharani mwaka 2001 kusema kuwa namba ya Meadow haikuwa na msingi wa kitakwimu.

Hata hivyo, si hesabu pekee iliyomtoa Sally Clark. Rufaa yake ya kwanza, mwaka 2000, ilishindwa. Iliyomtoa, Januari 2003, ni karatasi za maabara. Daktari aliyempasua Harry alikuwa amepata majibu yanayoonyesha bakteria wa hatari mwilini mwa mtoto, hata katika maji ya uti wa mgongo, na hakuwapa upande wa utetezi. Yalikuja kupatikana baadaye katika kumbukumbu za hospitali. Mama huyo alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu, akiitwa muuaji wa watoto na wafungwa wenzake, na aliyeachiwa hakuwa tena yule aliyeingia. Alifariki Machi 2007, akiwa na miaka 42.

Nimekusimulia haya ili ujue la kuomba. Kuvutana na daktari kama kifo cha pili ni bahati mbaya au si bahati mbaya ni kupoteza muda, kwa kuwa hilo halikuwa swali la udaktari tangu mwanzo. Ombeni karatasi. Wakili wenu atake ripoti kamili, si barua ya mistari mitatu, kisha aipitie kwa kalamu mbili: ya kwanza ipigie mstari alichokiona daktari, ya pili ipigie mstari alichokidhani. Povu lenye wekundu ni kitu alichokiona. Mabaka ya buluu ni kitu alichokiona. “Kukosa hewa” ni alichokidhani, na “kuumizwa” vilevile. Povu la namna hiyo limeonekana puani mwa watoto waliozibwa pumzi na limeonekana pia kwa waliokufa kwa sababu za maumbile, kwa hiyo peke yake halimtii mtu hatiani. Na hata pale mwili wa mtoto mchanga unapopasuliwa kwa ukamilifu, na sampuli zikapelekwa maabara, mara nyingi mtaalamu mkweli hawezi kutofautisha aliyezibwa pumzi na aliyekufa ghafla usingizini. Sembuse aliyetazamwa kwa nje kati ya mgonjwa na mgonjwa!

Umeuliza habari ya adabu, nami nakujibu kwa kisa unachokijua tangu chuoni kwa Kurani. Wanawake wawili walikwenda kwa Nabii Daud wakigombania mtoto, baada ya mbwa mwitu kumchukua wa mmoja wao, na Daud akampa yule mkubwa. Walipotoka wakakutana na Suleiman, naye akasema aletewe kisu amgawe. Mdogo akapiga kelele, “Usifanye hivyo, mtoto ni wake,” na hapo ndipo ilipojulikana mama ni nani. Suleiman hakumtukana baba yake, wala hakumwambia hajui kuhukumu. Aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa. Wakili anayemuuliza daktari, “Ulipima nini, na ulichoacha kupima ni nini?” hamkosei adabu. Mahakama zetu zenyewe zinakubali kuwa hakimu hafungwi na maoni ya mtaalamu; hupima sababu alizozitoa. Na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inamtaka mtuhumiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike, kwa hiyo si kazi ya mdogo wako kueleza mtoto alikufa na nini. Hajui. Nami sijui.

(Ukitaka kujua wataalamu nao ni waja, kumbuka kuwa kwa miongo kadhaa wazazi wa Ulaya walishauriwa wawalaze watoto kifudifudi. Uingereza ilipogeuza ushauri huo kwa kampeni ya mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilishuka sana. Hakuna aliyewashtaki washauri.)

Lililonisumbua zaidi katika barua yako ni yale maneno ya uani. “Nimemuua mwanangu.” Nimekaa matanga mengi katika umri wangu, na sijui kama nimewahi kukaa tanga la mtoto mdogo nisimsikie mama akisema mfano wa hayo: ningeamka, ningemgeuza, nisingemvisha soksi, nimemuua mimi. Huko Australia kuna mama aitwaye Kathleen Folbigg aliyefiwa na watoto wanne kati ya mwaka 1989 na 1999, na mwaka 2003 akatiwa hatiani. Hapakuwa na dalili mwilini mwa watoto kwamba walizibwa pumzi. Kilichomzamisha zaidi ni daftari lake, ambamo alikuwa akijilaumu kwa maandishi, usiku baada ya usiku, kama mdogo wako alivyojilaumu kwa sauti mara moja. Yalisomwa kama ungamo. Miaka mingi baadaye wataalamu wa saikolojia waliieleza tume ya uchunguzi kwamba yalikuwa maandishi ya mama aliyefiwa, na wanasayansi nao wakawa wamegundua kuwa binti zake wawili walirithi badiliko katika jeni iitwayo CALM2, ambalo linaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla. Alisamehewa Juni 2023 na hatia ikafutwa Desemba mwaka huohuo, baada ya miaka 20 kifungoni. Akili ya mtu hutafuta sababu, na mama akiikosa hujipa yeye mwenyewe. Wakili aweke maneno yale mahali pake: saa ngapi, mbele ya nani, mtoto akiwa mkononi, na hakuyarudia tena alipotulia.

Na anayelaumiwa kwa kutolia, jamani, sisi tunafundishwa tusiomboleze kwa kelele, kisha anayenyamaza tunamwambia ana lake moyoni? Lindy Chamberlain, mama mwingine wa Australia, alinyanyaswa miaka kwa sababu hakulia mbele ya kamera. Alifungwa mwaka 1982 kwa kumuua mwanawe Azaria, na kilichoitwa damu ya mtoto ndani ya gari yake kilikuja kujulikana kuwa ni dawa ya kupulizia bati la gari ili kupunguza kelele. Mwaka 2012 mchunguzi rasmi wa vifo aliandika kuwa mtoto alichukuliwa na mbwa mwitu wa kule.

Sasa yenu ya kufanya, na mengine ni ya wiki hii. Wakili kwanza. Mkiwa hamna uwezo, Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba. Kuna pia wasaidizi wa sheria mitaani ambao watakuonyesha mlango. Mdogo wako akiombwa tena na polisi aandikishe maelezo ya onyo, anayo haki ya kunyamaza na kusema atazungumza wakili akiwepo. Wewe, shemeji, na kila aliyekuwepo usiku ule na asubuhi ile andikeni mlichokiona, kila mtu peke yake na kwa maneno yake, bila ya kukaa pamoja kulinganisha. Kumbukumbu iliyolinganishwa huharibika hata ikiwa ni ya kweli. Tafuteni kadi za kliniki za watoto wote wawili. Uzito ulivyopanda, chanjo, siku aliyopelekwa kwa homa au kifua, yote hayo yamo kwenye kadi ile iliyokunjwa, na mtoto anayetunzwa huonekana humo vizuri kuliko maneno ya jirani.

Halafu yuko mtoto wa miaka sita uliye naye. Huyu ni wa kuangaliwa kwa ajili ya uhai wake kabla ya kesi ya mama yake. Mpelekeni apimwe umeme wa moyo; ni kipimo kisicho na maumivu wala kupasua, na daktari akiona jambo atamwandikia kwenda mbele, pengine Mnazi Mmoja au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mama yake naye aombewe na wakili kipimo hichohicho. Ulizeni pande zote mbili, wa mama na wa baba: nani alikufa ghafla akiwa kijana, nani alikuwa akianguka kifafa, nani alizama akiwa anajua kuogelea. Uingereza mwaka 2003 mama aitwaye Trupti Patel, aliyefiwa na watoto watatu, alishinda kesi yake, na miongoni mwa mashahidi alikuwa bibi yake aliyesafiri kutoka India kueleza kuwa yeye mwenyewe alizika watoto watano wachanga. Bibi zetu wana daftari kama hilo vichwani, ila hatuwaulizi kwa kuona haya kuwatonesha.

Kuhusu kufukuliwa kwa kaburi, msikatae kwa fedheha wala msikimbilie. Ni jambo la Mahkama kuamuru na la wakili kulipima, na Ofisi ya Mufti ipo kwa wenye kutaka kujua dini inasemaje pakiwa na dharura.

Umeniambia kuna usiku humwamini. Sitakukemea. Wazazi wanaoua watoto wao wapo, na mimi niliye mbali na nyumba yenu sina haki ya kukuapia kuwa mdogo wako hakufanya. Lakini itazame shaka yako imeingia lini. Kwa barua yako, haikuingia alfajiri ile ulipomuona juu ya mbuzi ya nazi. Iliingia mlangoni kwa daktari, uliposikia “wawili”. Ikiwa hesabu ile imevunjika, ipe shaka yako nafasi ya kupimwa upya. Na mbele ya askari au Mahkama, sema ulichokiona tu. Usiku wako mbaya si ushahidi wa mtu.

Nimeiacha mwisho sentensi moja uliyoiandika kwa kupita, na nadhani hukuisikia ulipokuwa ukiiandika. Bibi yenu, aliyemuogesha mtoto akiwa hai kwa siku arubaini, alikuwa akimwambia amezaliwa amekalia wino. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya buluu au kijivu kiunoni na makalioni. Hayaumi, hayatokani na kipigo, huondoka polepole mtoto akikua, na duniani kote yameshawahi kudhaniwa kuwa ni majeraha. Tena maiti iliyolazwa chali tangu asubuhi mpaka adhuhuri, damu yake hutuama upande wa chini na kuufanya mgongo uwe na rangi ya zambarau, ikiacha weupe pale palipogusana na meza. Sisemi kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ninasema kuna mtu mmoja anayejua kama mabaka yale yalikuwepo kabla ya usiku ule, na hakuna askari aliyemuuliza, wala daktari, wala, unisamehe, wewe.

Nenda ukakae naye leo. Usimwambie unachotaka kusikia. Muulize tu wino ule ulikuwa wapi, wa rangi gani, na aliuona mara ya kwanza siku ya ngapi. Kisha mwambie mkeo asifute picha hata moja, asizikate, asizipeleke kwa mtu, na simu yenyewe isiuzwe wala isitiwe mikononi mwa fundi mpaka wakili aione, kwa kuwa picha ndani ya simu hubeba tarehe yake. Akiwa na moja tu ambamo mtoto anaogeshwa, amelala kifudifudi juu ya miguu ya bibi yake, hiyo ndiyo daktari awekewe mbele na kuulizwa upya.